Kipimo, kiwango na kingamwili: istilahi za upimaji wa damu kwa mashine

kipimo nm vi- [ki-/vi-]; kiwango nm vi- [ki-/vi-]; kingamwili nm [i-/zi-]

Maana. Nomino *kipimo* imenyambuliwa kutoka kitenzi *pima*. Katika lugha ya hospitali hubeba maana nne: uchunguzi wa sampuli, chombo cha kupimia, jibu lililopatikana, na kiasi cha dawa anachopaswa kutumia mgonjwa. Kwa hiyo agizo *Ongeza kipimo* lina utata wenye hatari: mhudumu wa maabara huelewa kwamba uchunguzi mwingine unahitajika, ilhali mgonjwa huweza kumeza vidonge zaidi. Inapendekezwa *kipimo* kitumike kwa uchunguzi, *kiwango* kwa kiasi cha kiambata kilichomo katika damu, na *dozi* kwa kiasi cha dawa.

(a) *Kipimo cha homoni ya tezi kirudiwe baada ya wiki sita.*
(b) *Kiwango cha homoni kimepanda.*
(c) *Dozi isibadilishwe.*

Ngeli. *Kingamwili* ni protini inayotengenezwa na mwili na kunasa kitu mahususi, kiitwacho antijeni. Silabi *ki-* si kiambishi cha ngeli, bali ni sehemu ya mzizi *-king-* wa kitenzi *kinga*. Kwa sababu hiyo husemwa *kingamwili hizi zimeonekana*. Umbo *vingamwili* halina msingi. Aidha, *kingamwili* isichanganywe na *kinga ya mwili*, ambayo ni uwezo wa jumla wa kupambana na maradhi. Mtu anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya virusi fulani bila kuwa na kinga dhidi yake, kama ilivyo kwa anayeishi na VVU.

Cha au kwa? Mwaka 1959 Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani walieleza namna ya kupima insulini kwa kutumia kingamwili na chembe zenye mnururisho. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977, miaka mitano baada ya kifo cha Berson. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walitumia kimeng'enya badala ya mnururisho. Mashine nyingi za leo hutumia kemikali inayotoa mwanga: huchota seramu, huichanganya na kingamwili, huosha mabaki, kisha hupima mwanga na kuulinganisha na ule wa sampuli zenye kiwango kinachojulikana.

Katika mifano hiyo kingamwili ni nyenzo, si kitu kinachotafutwa. Katika baadhi ya vipimo vya VVU, kinyume chake, kingamwili za mgonjwa ndizo zinazotafutwa. Kihusishi *-a* hakitofautishi hali hizi mbili. Mfasiri atumie *kipimo cha kingamwili* pale kingamwili inapotafutwa, na *upimaji kwa kingamwili* pale inapokuwa nyenzo.

Tahadhari kuhusu ishara. Mwanga mwingi hauna maana moja. Kiambata kinapobanwa kati ya kingamwili mbili, mwanga huongezeka kadiri kiwango kinavyopanda. Kinaposhindana na kiambata chenye alama kugombea kingamwili chache, mwanga hupungua kadiri kiwango kinavyopanda. Mfasiri wa mwongozo wa mashine asiandike *kiwango kikubwa* mahali ambapo matini chanzi inazungumzia *mwanga mkali*.

Chanya na hasi. Katika mazungumzo ya kawaida *mtazamo chanya* ni jambo jema. Katika maabara, *chanya* ni tamko kwamba kilichotafutwa kimeonekana, hata kama ni dalili ya ugonjwa. Msomaji asiye mtaalamu aweza kuipokea habari nzito kama pongezi. *Hasi*, kwa upande wake, si lazima iwe sawa na *hakuna kabisa*. Huenda kiambata kipo chini ya kizingiti ambacho mashine imewekewa. Katika cheti cha mgonjwa ni afadhali kuandika *kingamwili za VVU zimeonekana* au *hazikuonekana*, kisha kuongeza *chanya* au *hasi* kwa ajili ya daktari.

Linganisha: antijeni, dozi, kinga, kizingiti, sampuli, seramu.