Springi ya Redgrave

Mimi ni seremala, na kati ya wote waliobuni michezo ya mezani ninayemheshimu zaidi ni Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati, Marekani. Kabla yake, bagateli ilikuwa ikichezwa tangu Ufaransa ya karne ya 18: meza ndefu, na mipira ya kusukumwa kwa kijiti.

Mwaka 1871 Redgrave alipata hataza. Aliifupisha meza, akaiinamisha, akatumia gololi, na pembeni akaweka fimbo yenye springi. Unavuta, springi inabanana, unaachia. Gololi inapanda, inazunguka tao la juu, kisha inashuka ikigonga misumari hadi itumbukie kwenye shimo lenye alama. Ufundi wote uko kwenye kile kidole kinachoachia. Na kwa fundi, uko kwenye misumari: mmoja tu ukiinama, gololi itaelekea upande uleule kila mara, na mchezo umekufa. Mimi huipiga taratibu, nikipitisha gololi kila pengo.

Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago aliuendeleza mtindo huo akatoa Baffle Ball, mashine ya kuchezwa kwa sarafu, ikauzwa kwa maelfu. New York ikazipiga marufuku mashine za aina hiyo mwaka 1942 kwa hoja kwamba ni kamari, uamuzi ambao mimi naona uliwadhulumu wachezaji wenye mkono. Uliondolewa 1976, baada ya mchezaji Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani: alitaja njia ambayo mpira ungepita, akavuta springi, ukapita palepale.