Likembe Iliyotiwa Umeme: Habari za Mafundi wa Sauti Wasiokuwa na Kiwanda

Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za ala moja ndogo ya muziki, nayo ni likembe, na jinsi ilivyotiwa umeme mjini Kinshasa na watu ambao hawakuwa na kiwanda wala karakana ya chuo. Tumeichagua ala hii kwa sababu ni ya jirani yetu na ni ya kwetu pia, maana sisi tulio Rwanda tunaifahamu kwa jina la ikembe. Tena, tumekuwa tukiwauliza wanafunzi wetu hapa Kigali ni nani waliobuni vyombo vya muziki vya umeme. Hutaja Wamarekani, Wajapani na Waingereza, kisha hunyamaza. Jawabu lao si la uongo. Lakini limepungukiwa, na upungufu huo una historia yake.

Likembe ni kisanduku cha mti kilichopangwa juu yake ndimi za chuma, nyingine ndefu na nyingine fupi, zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Wenzetu wa Ugogo wana ilimba, na sehemu nyingi za Tanzania huita ala za jamaa hii marimba ya mkono. Wataalamu wa muziki wa Afrika wanaeleza kuwa likembe yenye kisanduku ilianzia upande wa chini wa mto Kongo, ikapanda na wapagazi, askari na watumishi wa safari za wakoloni mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hata ikafika Uganda na huku kwetu. Ilikuwa ala ya msafiri, kwani hubebwa mkononi na kupigwa njiani huku mtu akitembea. Chuma chake kilipatikana popote palipokuwa na chuma. Spoku ya baiskeli au ubavu wa mwavuli uliovunjika, ukipondwa kwa nyundo, hutoa ulimi mzuri sana.

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yetu. Mpigaji wa likembe hakutaka sauti tupu. Chini ya ndimi alivisha vipete vya waya mwembamba ili kila mlio ufuatwe na mvumo wa kukwaruza, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Katika kisanduku alitoboa tundu, akawa analiziba na kulizibua kwa kidole wakati wa kupiga, na sauti ikawa inafumbata na kufumbua kama kinywa cha mtu anayesema. Siku hizi wapiga magitaa wa dunia nzima hununua visanduku vya umeme vinavyokanyagwa kwa mguu ili wapate mambo hayo hayo mawili, yaani mkwaruzo na ufumbataji wa sauti. Kwa wapiga likembe hayo yalikuwa mambo ya kawaida kabla ya waya wa umeme kufika kijijini.

Sasa twende Kinshasa. Mawangu Mingiedi alikuwa dereva wa lori, mtu wa kabila la Wazombo, ambao nchi yao iko kwenye mpaka wa Kongo na Angola. Muziki wa sherehe wa watu hao ulipigwa hapo awali kwa pembe za ndovu, na Mingiedi akauhamishia kwenye likembe. Katika miaka ya 1960 aliunda kikundi ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Konono Namba 1. Lakini likembe ni ala ya faragha. Ukiipiga barazani jirani huisikia, ukiipiga katika barabara ya jiji lenye malori, baa na wachuuzi, wewe mwenyewe huisikii. Wazombo waliohamia mjini walitaka muziki wao kwenye matanga na harusi, nje, mbele ya umati. Ilibidi ala ya faragha ipewe sauti ya kadamnasi.

Mingiedi na wenziwe wakaenda kwenye vyuma chakavu. Walichukua sumaku zilizotolewa katika sehemu za magari mabovu, wakachonga mti, wakasokota waya wa shaba, wakapata maikrofoni zao wenyewe. Sauti hiyo waliipeleka kwenye vikuza sauti, ikatokea katika honi kubwa za kupazia sauti za aina iliyotumiwa tangu enzi ya ukoloni kuwahutubia watu. Ngoma nazo walizichanganya na vipande vya magari. Likembe zikawa tatu, yaani ya sauti nene, ya kati na nyembamba.

Kanuni iliyotumika si ngumu kuifundisha. Ukizungusha waya mwembamba wa shaba mara nyingi kwenye sumaku, kisha chuma kikatetemeka karibu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, nao hutetemeka kwa mwendo ule ule wa chuma. Kikuza sauti huutia nguvu, na spika huugeuza kuwa sauti. Ndivyo lilivyofanya kazi gitaa la umeme lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1932. Kwa kuwa ndimi za likembe ni za chuma, ala hiyo ilikuwa tayari kupokea umeme kuliko zeze au inanga yetu ya Rwanda, ambayo nyuzi zake za asili ni za kano za ng'ombe na hazina habari na sumaku. Tunadhani jambo hili limesahauliwa na wengi wanaostaajabia ugunduzi wa Kinshasa. Fundi hakubahatisha, aliiona ala iliyofaa.

Wasomaji wetu walimu watafurahi kuona pia kwamba lugha yetu imekutana na kanuni hii bila kukusudia. Neno 'kipaza sauti' limewasumbua watunzi wa kamusi, maana wengine huliita hivyo lile litiwalo mdomoni na wengine lile litoalo sauti ukumbini. Basi mwulize fundi yeyote wa redio. Atakuambia kuwa spika ndogo, ukiiunganisha kinyume na kusema mbele yake, huwa maikrofoni, kwa sababu ndani yake mna sumaku ile ile na waya ule ule.

Vifaa vya Konono vilikuwa na kasoro kwa mizani ya mhandisi. Sauti ilipozidi nguvu ilipasuka, ikakwaruza, ikajaa mvumo. Hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni kwamba watu hao walikuwa maskini, wakakosa vyombo bora, wakavumilia makelele hadi wakayazoea. Sisi tunaikubali nusu ya kwanza tu. Umaskini unaeleza kwa nini sumaku ilitoka kwenye gari bovu. Hauelezi kwa nini mkwaruzo ulibakizwa, ukatungiwa muziki na kuwekwa mbele. Maelezo ya hilo yamo katika vile vipete vya waya. Masikio ya wapigaji yalikuwa yamelelewa kupenda mlio uliochanganyika na mvumo, na kikuza sauti kilipoanza kuvuma, kwao hakikuharibika bali kilianza kusema lugha waliyoifahamu.

Kwa kulinganisha, tumtazame Robert Moog, Mmarekani ambaye jina lake limekuwa kama jina la pili la sinthesaiza, yaani kinanda kinachozalisha sauti kwa umeme mtupu. Alizaliwa mwaka 1934. Akiwa kijana mdogo alijitengenezea nyumbani theremini, chombo kilichobuniwa na Mrusi Lev Termen yapata mwaka 1920, ambacho hupigwa bila kuguswa. Michoro aliipata katika magazeti ya wapenda redio. Katika miaka ya 1950 yeye na baba yake wakawa wanauza theremini walizoziunda wenyewe, na mwaka 1964, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, akatoa mfano wa kwanza wa sinthesaiza yake. Kule Kingston, Jamaika, King Tubby alikuwa fundi wa redio na vikuza sauti aliyegeuza chumba cha nyumbani kuwa studio katika miaka ya 1970, akabadili mitambo yake kwa mikono yake ili mwangwi utii amri yake. Na kabla ya hao wote, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliazima mjini Cairo mtambo wa kunasa sauti kwenye waya, akanasa sherehe ya zaar, ambayo watu wa pwani yetu wataitambua kuwa ndugu ya ngoma za pepo, kisha akaichezea ile sauti iliyonaswa mpaka ikawa utungo mpya. Moog alikuwa na gazeti lenye michoro na duka la kununulia vipuri. Mingiedi alikuwa na lundo la magari yaliyokufa. Tofauti yao kubwa, kwa maoni yetu, ni ya duka.

Kuna tofauti nyingine, nayo ni ya maandishi. Moog aliandika makala magazetini tangu ujana wake, akatia sahihi. Muziki wa Konono ulinaswa mara ya kwanza mwaka 1978 na Mfaransa Bernard Treton, ukatolewa katika santuri pamoja na vikundi vingine vya Kinshasa. Mbelgiji Vincent Kenis, fundi wa studio, aliusikia redioni, akakitafuta kikundi hicho kwa miaka mingi. Alipokipata alikinasa huko huko Kinshasa kwa kompyuta ya kubebeka, na santuri iitwayo 'Congotronics' ikatoka mwaka 2004. Ndipo dunia ilipojua. Mingiedi alikuwa amekwisha kuwa mzee. Alifariki mwaka 2015, akiwa amepiga muziki huo wa umeme kwa takriban nusu karne. Wakati huo huo kalimba iliyotengenezwa kiwandani Afrika Kusini tangu mwaka 1954 na Hugh Tracey ilikuwa imeshavuka bahari, na Maurice White wa kundi la Earth, Wind & Fire akaipiga kwa umeme mbele ya maelfu ya Wamarekani katika miaka ya 1970. Iliyotoka kiwandani ilifika mapema. Ya lundo la vyuma ilichelewa miaka thelathini.

Tracey huyo huyo alipita kwetu mwaka 1952 na mitambo yake, akanasa ngoma za mwami wa Rwanda, na mwaka huo huo akamnasa Jean Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akiimba kwa Kiswahili cha Katanga na gitaa lake. Tunamshukuru, kwani kazi hiyo imehifadhi mengi ambayo yangepotea. Hata hivyo, kumbukumbu za aina hiyo aghalabu hutaja mpigaji na kumsahau aliyeichonga ala.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo. Taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi na vitufe, iliyobuniwa Nagoya mwaka 1912, ilifika Mombasa, ikatiwa umeme na kuingizwa katika taarabu, kama wanavyojua waliomsikiliza Zuhura Swaleh. Na kanda nyingi za taarabu ya Mombasa zilitoka Mbwana Radio Service, jina ambalo lenyewe linatangaza asili yake, yaani duka la redio. Nyenzo za fundi anayefungua redio mbovu ndizo nyenzo za kunasa na kunakili sauti. Kutoka kazi moja kwenda nyingine ni hatua fupi.

Hapa Kigali mafundi wa redio tunao, na kule Nyamirambo, mtaa uliolea Kiswahili mjini humu kwa vizazi kadhaa, fundi na mteja wake bado huzungumza Kiswahili juu ya meza iliyojaa skrubu. Lakini wazee wa kazi hiyo ni wachache. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaua wapiga ala na mafundi pamoja na kumbukumbu zao, na waliobaki sasa hutengeneza simu, ambazo hazifunguliwi ila kwa kubadilisha kipande kizima. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, walimu tunadaiwa msamiati wa kila fani. Ni desturi kuutafuta msamiati huo vitabuni, kisha kuubuni ofisini. Lakini lugha yenyewe inatuelekeza kwingine. Fundi, fundisha, mafunzo na mwanafunzi ni maneno ya shina moja.

Kwa hiyo tunaleta ombi kwa wanachama walio Bukavu, Goma, Bujumbura, Kigoma, Kampala na Mombasa. Tunahitaji jina ambalo mafundi wa mahali penu hulitumia kwa ile sumaku yenye waya inayofungwa chini ya nyuzi za gitaa. Tunahitaji majina ya mkwaruzo wa spika iliyozidiwa, wa mwangwi, na wa ule mlio mkali unaozuka maikrofoni ikikaribia spika. Andikeni neno kama lilivyotamkwa, mahali liliposikika, na, ikiwa mwenyewe ameridhia, jina la fundi aliyelisema.