Kutohoa

Kutohoa ni kuchukua neno la lugha nyingine na kulifanya lifuate kanuni za lugha pokezi. Neno la Kiarabu waqt, kwa mfano, liliongezewa irabu likawa wakati. Kitenzi hiki kinafaa pia kuelezea kazi ya kuhamishia michezo ya kumbi za burudani kwenye konsoli za nyumbani.

Mfano mzuri ni Space Invaders. Mchezo huo wa kampuni ya Taito ya Japani ulitoka mwaka 1978 katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Mwaka 1980 uliingizwa kwenye Atari 2600, konsoli yenye kumbukumbu ya baiti 128 tu. Wavamizi 55, waliojipanga safu 5 za 11, wakapunguzwa hadi 36, safu 6 za 6. Ngao 4 zikabaki 3. Kiini hakikuguswa: wavamizi huteremka hatua kwa hatua, na kadiri wanavyopungua ndivyo wanavyozidi kasi.

Mchezo wa namna hiyo unastahili kuitwa uliotoholewa, si ulionakiliwa, kwa kuwa kunakili hudai kila kitu kibaki kama kilivyokuwa.