Hesabu ya Kibarua

Mwaka 1974, nikiwa mwanafunzi wa chuo niliyerudi nyumbani likizo, nilipata kibarua cha kuwahoji watu habari za vibarua. Wakati ule sikuona cha kuchekesha, nacheka sasa. Nilipewa penseli mbili, kibao cha kuandikia na rundo la hojaji zilizopigwa chapa, nikaambiwa nipite Majengo, Mombasa, nyumba kwa nyumba. Swali la nne liliuliza kama mhojiwa ana kazi. Palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha ndiyo na kimoja cha la.

Asubuhi ya pili nilimkuta mama mmoja barazani kwake, karai la mafuta mbele, sufuria ya mbaazi kando. Alikuwa macho tangu saa tisa za usiku. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza kuuliza. Nilipofika la nne alinijibu bila kuinua uso: "Kazi mimi sina, mwanangu. Nakaanga mahamri tu." Nikatia alama kwenye la. Kabla sijainuka watu saba walikuwa wamenunua, na wa nane amekopa. Mama yule yumo katika jedwali fulani mpaka leo kama mtu asiye na kazi, na mkono uliomtia humo ni wangu.

Jioni nikamsimulia babu. Babu alianza uchukuzi Kilindini kabla ya Vita Vikuu vya Pili na akauacha magoti yalipomkataa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hilo likaratasi lako linauliza nani alikuita?" Nikamwambia haliulizi. "Basi mnahesabu nini?"

Nilisomesha hisabati miaka mingi baada ya hapo, na swali la babu lilinifuata darasani. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma kila kilichoandikwa juu ya kazi za pwani yetu: ripoti za kamati, vitabu vya wanahistoria, makala za wachumi. Ninayoandika hapa yametoka huko, na mengine barazani kwa babu.

Neno lenyewe ni la kuanzia. Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, mwenye watumwa aliyekuwa na mikono mingi kuliko kazi aliikodisha: mtumwa akaenda mjini kubeba mizigo, kusafisha gundi, kupaka chokaa, akalipwa kwa siku, na jioni akampelekea bwana wake fungu, mara nyingi nusu. Kijikaratasi alichopewa ndicho kikawa jina la kazi, kisha jina la mtu. Frederick Cooper, mwanahistoria wa Marekani aliyeandika sana juu ya watumwa na wachukuzi wa pwani hii, anaonyesha kwamba kazi hiyo ya kutwa ilimpa mtumwa nafasi ambayo shambani hakuwa nayo. Alipatana bei mwenyewe, akaamua leo aende wapi. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi walikataa kandarasi za mwezi na wakabaki na kazi ya kutwa. Sasa hapakuwa na wa kumpelekea nusu.

Bara walikuwa na karatasi ya aina nyingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Kenya iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, chenye alama za vidole na habari za waajiri, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Mwanaharakati Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 na watu wakapigwa risasi Nairobi, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowakusanya. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika neno hilohilo lilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: kila siku iliyotimia inatiwa alama, na mshahara hautoki mpaka kadi ijae. Sijui lugha nyingine iliyohifadhi hivi historia ya kazi ndani ya maneno mawili ya udogo, barua ndogo na pande dogo. Vijana wa Kenya wanapoulizwa kitambulisho na askari husema "kipande" mpaka leo, wala hawafikirii shingo ya mtu.

Bandari ya Kilindini ilipojengewa magati ya maji marefu katika miaka ya 1920, kazi yake ilifanana na mvua. Leo meli tatu na watu hawatoshi, kesho hakuna hata moja. Kampuni za kupakua zilitaka kundi kubwa la watu langoni kila asubuhi, zichague zinaowataka na kuwaacha wengine. Watu nao walikuwa na hesabu zao. Babu alikuwa na kishamba Likoni, minazi kidogo na muhogo. Akifanya siku kumi na mbili au kumi na tano kwa mwezi ilimtosha. Siku nyingine alivuka kwenda kupalilia. Malipo ya kutwa bandarini yalizidi ya mfanyakazi wa mwezi ukiyagawa kwa siku. Kwa hiyo alipoambiwa na afisa wa kazi kwamba yeye ni mvivu kwa sababu hafanyi siku 26, alistaajabu. Mvivu vipi, na muhogo nani aliulima?

Hapa ndipo utafiti ulipoingilia. Wachukuzi wa Mombasa waligoma mwaka 1939. Mwaka 1945 kamati ya Phillips ikachunguza chanzo cha misukosuko, na kabla wino haujakauka vizuri, tarehe 13 Januari 1947, mji wote ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: bandarini, relini, mahotelini, majumbani kwa Wazungu. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na kutoka hapo kikazaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye mwezi Agosti mwaka huohuo alikamatwa na kupelekwa kuishi Baringo. Dar es Salaam iligoma Septemba 1947, Unguja mwaka 1948, na kote huko cheche zilitoka kwa wachukuzi wa bandari. Babu alikuwapo Kiwanja cha Maskini. Alichokumbuka zaidi ni kwamba siku zile hata waliokuwa wakigombania lango walipikiana chakula.

Serikali ilishtuka, na serikali iliyoshtuka huajiri wataalamu. Ukizisoma ripoti za miaka ile utaona jambo moja linalorudiwa: mshahara wa chini ulikokotolewa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke mjini. Unga kiasi fulani, maharage, kuni, kodi ya kitanda. Mke na watoto walidhaniwa wanalishwa na shamba la kijijini, na hivyo shamba hilo, ambalo kodi na unyang'anyi wa ardhi vilikuwa vimelibana, likawa linamlipia mwajiri sehemu ya gharama zake. Nimewahi kuwafundisha watoto mlinganyo ambao kigezo kimoja kimefichwa. Huu ndio mfano ambao ningewapa kama ningeujua mapema. Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ndiyo iliyosema wazi kwamba mshahara ukokotolewe kwa kuhesabu familia. Ilikuwa hatua kubwa, ila nia yake haikuwa huruma tupu. Walitaka mtu akae mjini na mkewe, azoee saa na msimamizi, asirudi Likoni kupalilia.

Bandarini shabaha hiyo ilifuatwa kwa utaratibu wa kiofisi. Katikati ya miaka ya 1950 vibarua waliandikishwa, wakapewa namba, na asiyefika siku za kutosha kwa mwezi aliondolewa kwenye orodha. Kila mwaka idadi ya waliomo ikapunguzwa. Baada ya mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisaidia kuusuluhisha, chama cha wafanyakazi wa bandari kikapata nguvu, mishahara ikapanda, na mchukuzi wa Kilindini akawa mtu wa kuonewa wivu. Kazi ya mwezi ilileta heshima, ilileta pia mlango uliofungwa. Wajomba zangu wawili, waliokuwa wakipata siku nane tisa kwa mwezi, hawakumo kwenye orodha. Mmoja akaenda kuuza maji kwa mkokoteni. Babu, aliyekuwamo, alipoteza muhogo wake kwa magugu na akapata malipo ya uzeeni. Sikumsikia hata siku moja akiamua lipi lilikuwa bora.

Sasa nifike kwenye hisabati. Mwaka 1964, Kenya ikiwa huru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana: sekta binafsi iongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama vizuie madai ya nyongeza kwa muda. Waliojiandikisha kutafuta kazi walipita 200,000, wengi kuliko waliobuni mpango huo walivyotazamia, na nafasi zilizopatikana zilikuwa sehemu ndogo ya hao. Ilikuwaje kutangaza kazi kukazidisha wasio na kazi?

Wamarekani wawili waliofanya utafiti Nairobi, Michael Todaro na John Harris, walijibu kwa kuandika kile ambacho kila anayepanda basi la kwenda mjini hukipima. Todaro alichapisha wazo mwaka 1969, na mwaka 1970 wakatoa pamoja makala ambayo wanafunzi wa uchumi wangali wakiisoma dunia nzima. Kiini chake kinaingia kwenye kiganja. Mtu halinganishi kipato cha shamba na mshahara wa mjini. Hulinganisha kipato cha shamba na mshahara wa mjini uliozidishwa kwa nafasi ya kuupata. Chukua namba za kubuni. Shamba linatoa shilingi 60 kwa mwezi, kazi ya mjini 150, na mjini wako watu 100 wanaotaka kazi lakini kazi ni 40. Nafasi ni mbili katika tano, na mbili katika tano za 150 ni 60. Hakuna faida ya kuhama, basi watu wanatulia. Ongeza kazi kumi. Sasa kazi ni 50 kwa watu 100, tarajio ni 75, na vijijini wanafunga virago mpaka nafasi irudi mbili katika tano, yaani mpaka watu wafike 125. Umeongeza kazi 10, na wasio na kazi wametoka 60 wakawa 75.

Niliufanya mfano huu ubaoni kila mwaka, na kila mwaka kulikuwa na mtoto aliyedai nimekosea kutoa. Sikukosea. Ni hesabu nzuri, na ninawavulia kofia waliouona ukweli huo katika fujo za Nairobi. Lakini ndani yake mna dhana kwamba kazi hugawiwa kama bahati nasibu, kila kichwa na nafasi sawa. Babu angecheka. Langoni Kilindini alisimama serahangi, mkuu wa genge, akitazama nyuso. Aliita wa kwao, wa msikiti wake, waliomtuza jana, na wenye mgongo imara. Aliyetoka bara leo, hana ndugu, hakuwa na mbili katika tano. Alikuwa na sifuri, mpaka apate wa kumtaja. Ndiyo maana watu walipanga vyumba karibu na jamaa zao, wakaoa walikooa, wakachangia harusi za wasiowapenda. Wachumi wengine baadaye waliirekebisha fomyula hiyo kwa njia nyingi, na mitandao ya jamaa ikaingizwa. Hojaji yangu ya mwaka 1974 haikuwa nayo.

Wala haikuwa na mama wa mahamri, na hilo halina udhuru. Miaka miwili kabla, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly ulikuwa umetoa ripoti nene juu ya Kenya, iliyosema kwamba maelfu wanaohesabiwa hawana kazi wanafanya kazi sana, kwa kipato kidogo, huku wakifukuzwa na askari wa manispaa. Ripoti iliieneza duniani istilahi ya sekta isiyo rasmi, iliyokuwa imetumiwa kwanza na Keith Hart kwa mambo aliyoyaona Accra, Ghana. Mimi silipendi jina hilo. Ni kama kumwita binti yako "asiye mvulana". Jina la mtaani, jua kali, lina mtu na lina jasho. Liliingia kwenye karatasi za serikali kwa kuchelewa, baada ya Rais Moi kufika kwa mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985 na kuahidi kuwajengea vivuli vya kufanyia kazi.

Babu alifariki akiwa na kadi yake ya bandari ndani ya sanduku la mbao, namba imefifia. Hatukumuuliza jina la serahangi aliyemwita siku ya kwanza, na hakuna faili linaloweza kutujibu sasa. Wewe unayesoma hapa, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyebeba magunia Kilindini, Tanga, Malindi ya Unguja au Dar es Salaam, nenda ukamuulize wiki hii: kwa mwezi alifanya siku ngapi, siku nyingine alikuwa wapi, na ni nani aliyemwita. Uandike na tarehe.