Jabari, Wala si "Shujaa Mkuu"

Kumwita "shujaa mkuu", yaani superhero, kiumbe wa katuni mwenye nguvu za kimungu ni kulitwika neno shujaa mzigo usio wake. Neno hilo, tulilolipokea kutoka Kiarabu, halipimi misuli. Hupima moyo wa mtu aliye hatarini. Asiyeweza kufa hana cha kuthubutu, na kumwongezea "mkuu" ni kuikuza sifa asiyo nayo hata chembe. Kamati zinazopitisha orodha za istilahi bila kufungua vitabu vyenyewe haziwezi kuliona hilo.

Ushahidi umo katika Watchmen, katuni ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyotoka 1986 na 1987. Wavaa vinyago wa humo huzeeka, huogopa, huvunjika mifupa. Mwenye nguvu za kupita binadamu ni Doctor Manhattan peke yake, na tangu atokee, wenzake wanabaki watu waliovaa nguo za ajabu tu. Mwangalie yeye mwenyewe: anaanza na vazi la mwili mzima, linazidi kupungua, mwishowe anatembea uchi, na alama anayokubali ni atomu ya haidrojeni aliyojichora kwenye paji la uso. Vazi humfaa mwenye cha kuficha au cha kuogopa. Sisi wa Haut-Katanga, Kongo, tulisome jina lake kwa makini zaidi, maana Mradi wa Manhattan, uliounda bomu la atomiki, ulipata sehemu kubwa ya urani yake Shinkolobwe, karibu na Likasi. Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya migodi, alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani hiyo hadi New York mwaka 1940. Mchimbaji wa mawe yale anastahili kuitwa shujaa. Bomu lililolipuka juu ya Hiroshima halistahili, hata likiongezewa "kuu".

Neno linalomfaa kiumbe huyo mwenye nguvu ni jabari. Asili yake ni Kiarabu jabbār, mwenye kushurutisha, na mzizi wake ndio uliozaa aljebra na tendo la kuunga mfupa uliovunjika. Tena ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Watakaosema ni kufuru wakumbuke kwamba Waswahili huwapa watoto wao jina hilo, na kwamba hofu inayosikika ndani yake ndiyo hasa tunayoitaka. Watakaosema Jabari ni watu wa milimani katika filamu ya Black Panther ya 2018 wajibiwe kwamba kabila la kubuni halinyang'anyi kamusi neno lake. Wingi ni majabari, hali ni ujabari. Batman, asiye na nguvu za kupita binadamu, abaki shujaa.