Santuri ya Bei Nafuu na Mlango wa Duka

Mtu akitaka kujua kwa nini nyimbo fulani zimeenea duniani na nyingine zimefia pale pale zilipozaliwa, hatakosea akianza kwa kuuliza bei ya santuri. Sauti nzuri ni kipaji, na maneno mazuri ni matunda ya elimu. Lakini wimbo uliofungiwa ndani ya kasha lisilonunulika, katika duka lisiloingiwa na watu, ni kama taa iliyofunikwa kwa pishi. Nataka kukusimulia, msomaji, habari za kasha moja lililotengenezwa kwa kusudi la kulifunua pishi hilo. Lilitolewa Marekani mwishoni mwa mwaka 1995, likaitwa WOW 1996. Ndani yake mlikuwamo sidii mbili, zenye nyimbo 30 za waimbaji na vikundi 30 waliovuma mwaka ule katika muziki wa kisasa wa Kikristo.

Kwanza yafaa tuujue muziki wenyewe. Miaka ya mwisho ya 1960, katika jimbo la California, vijana wengi waliokuwa wamechoka na maisha ya ulevi na uzururaji waliigeukia Injili, lakini hawakuliacha gitaa lao mlangoni. Walivaa kama walivyovaa zamani, walipiga ngoma kama walivyopiga zamani. Maneno ndiyo yaliyobadilika. Larry Norman alitoa albamu yake ya Upon This Rock mwaka 1969 kwa kampuni ya Capitol. Mwaka 1971, kanisa la Calvary Chapel la Costa Mesa, ambalo mchungaji wake Chuck Smith aliwapokea vijana hao na miguu yao mitupu, lilitoa The Everlastin' Living Jesus Music Concert. Nakuomba uikumbuke santuri hii, kwa kuwa nayo ilikuwa ya mkusanyiko: vikundi kadhaa vichanga, ambavyo hapana hata kimoja kilichokuwa na jina, vilipewa nafasi katika santuri moja ili vibebane. Basi mkusanyiko haukuja baadaye kama pambo. Muziki huu ulizaliwa nao.

Wazee wengi wa makanisa walichukizwa. Waliona kuwa midundo ile ni ya vilabu vya pombe, na kwamba huwezi kumwimbia Mungu kwa sauti iliyotungiwa anasa. Ubishi huo wa kale sitauamua hapa. Hata kinanda kilipata kukataliwa katika makanisa fulani. Jambo la kuangalia ni kwamba biashara haikungoja ubishi uishe. Kampuni ya Word, iliyoanzishwa na Jarrell McCracken katika mji wa Waco, Texas, mwaka 1951, ilifungua tawi la Myrrh mwaka 1972 kwa ajili ya muziki wa vijana, chini ya Billy Ray Hearn. Hearn huyo huyo alianzisha kampuni ya Sparrow mwaka 1976.

Sasa tazama taabu yao ilikuwa wapi. Santuri hizi ziliuzwa zaidi katika maduka ya vitabu vya Kikristo. Maduka hayo yalikuwa mengi, na yalikuwa na chama chao tangu mwaka 1950. Lakini ni nani aingiaye duka la Biblia? Huingia mwalimu wa shule ya Jumapili, mchungaji, mama atafutaye zawadi ya ubatizo. Kijana aliyekuwa akitembea mjini na dola zake chache hakuingia humo. Alikwenda kwenye duka kubwa la muziki, na humo nyimbo za dini hazikuwapo, au ziliwekwa pembeni katika rafu moja yenye vumbi. Hivyo mwimbaji angeweza kujulikana na kila kanisa la jimbo lake, na jirani yake asiyekwenda kanisani asipate kulisikia jina lake maisha yake yote.

Hata yule jirani angeingia dukani, bei ingemrudisha. Katikati ya miaka ya 1990, sidii mpya ya mwimbaji mmoja iliuzwa kwa bei iliyokaribia dola 17. Nani atoe fedha hizo kwa mtu asiyemjua, kwa ajili ya nyimbo kumi ambazo labda angependa mbili? Wewe uliyewahi kusimama sokoni ukipima shilingi zako mfukoni unaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mnunuzi huonja embe kwa muuzaji asiyemzoea kabla ya kununua kapu zima. Muziki huu haukuwa na njia ya kuonjwa.

Mlango ulianza kufunguka kidogo kidogo. Amy Grant, ambaye albamu yake ya Age to Age ya mwaka 1982 ilivunja mipaka ya mauzo ya muziki huu, aliingizwa katika maduka ya kawaida na kampuni ya A&M kuanzia mwaka 1985. Mwezi wa Aprili 1991 wimbo wake Baby Baby ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya jarida la Billboard. Wimbo huo aliutunga kwa ajili ya binti yake mchanga, wala haukumtaja Mungu. Na hapo ndipo wengi wa wasikilizaji wake wa zamani waliponung'unika. Ikawa swali la kizazi kizima: je, wimbo ukitoka kanisani kwenda sokoni, ni lazima uvue joho lake njiani?

Wakati swali hilo likiulizwa, wenye mali walikuwa wamekwisha kuona fedha. Mwaka 1992 kampuni ya EMI ya Uingereza iliinunua Sparrow, na mwaka huo huo kampuni ya vitabu ya Thomas Nelson iliinunua Word. Mwaka 1995 hesabu za maduka ya Kikristo ziliingizwa katika takwimu za SoundScan, zile zilizokusanywa na mashine pale mnunuzi anapolipa, ambazo Billboard ilikuwa ikizitumia tangu mwaka 1991 kupanga orodha zake. Kabla ya hapo mauzo ya maduka hayo yalikuwa kama kura zilizopigwa gizani. Yalipohesabiwa, ulimwengu wa biashara ulishangaa kukuta kwamba watu waliodhaniwa kuwa wachache walikuwa umati.

Ndipo likaja lile kasha la WOW. Wazo lake halikuwa geni. Huko Uingereza, mwaka 1983, kampuni za Virgin na EMI, zilizokuwa zikishindana, zilikubaliana kukusanya nyimbo zilizovuma katika santuri moja na kuiita Now That's What I Call Music. EMI, kama tulivyoona, sasa ilikuwa na mguu Nashville pia. Kampuni kubwa za muziki wa Kikristo, ambazo kwa miaka mingi zilinyang'anyana waimbaji, zilikaa meza moja na kila moja ikaleta nyimbo zake bora. Baadaye ushirika huo ulijulikana kuwa ni wa nyumba tatu: EMI, Word na Provident. Na usidhani kwamba wafanyabiashara wa kanisa walikuwa wakiwafuata wa dunia kwa mbali: mfululizo wa Now haukuanza kutolewa Marekani mpaka mwaka 1998. Katika jambo hili watu wa nyimbo za dini walitangulia miaka mitatu.

Unafuu wenyewe ulipatikanaje? Kila wimbo ulikuwa umekwisha kurekodiwa. Gharama za studio, za wapigaji na za kuutangaza redioni zilikuwa zimelipwa katika albamu ya mwimbaji mwenyewe. Kilichobaki ni kugawana haki, kuchapa kasha na kulisafirisha. Kwa hiyo mnunuzi aliweza kupewa sidii mbili kwa bei isiyo mbali sana na ya sidii moja. Fedha ambazo zingempatia mwimbaji mmoja zilimpatia 30. Hatari ilikuwapo, na kila mfanyabiashara aliiona: mtu akiisha kupata wimbo mzuri kuliko yote ya albamu kwa bei nafuu, atainunuaje albamu nzima? Walibahatisha kwamba kuonja kutaleta njaa. Ubahatishaji huo ulifaulu vya kutosha, kwa maana mfululizo uliendelea kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini, na kadhaa kati ya makasha yake yalipewa cheti cha platinamu.

Hapa yanipasa kukutahadharisha juu ya tarakimu. Cheti cha platinamu cha chama cha makampuni ya santuri ya Marekani ni cha nakala milioni moja. Lakini kasha lenye sidii mbili na muziki wa zaidi ya dakika 100 huhesabiwa kila sidii peke yake. Hivyo nusu milioni ya makasha yaweza kuitwa milioni. Si udanganyifu, ndiyo kanuni yao. Ila mwanafunzi wa historia akikutana na neno milioni, na aulize kwanza ni milioni ya nini.

Swali kubwa zaidi ni hili: nani alinunua? Lengo lilikuwa kumfikia mpita njia, na ni kweli kwamba kasha la WOW lilikaa katika maduka makubwa kama Wal-Mart, kando ya sabuni na viatu, mahali ambapo mpita njia hupita. Lakini kwa maoni yangu aliyelichukua mara nyingi alikuwa mtu wa kanisani: kijana wa mji mdogo usio na duka la vitabu vya dini, au mzazi aliyetaka muziki wa kuchezwa garini bila kuwa na wasiwasi juu ya maneno yake. Hilo si jambo dogo. Watu hao walikuwa wakilipa bei ya juu au wakikosa kabisa, na sasa walipata. Hata hivyo si lile lililokusudiwa. Na nyimbo zenyewe zilichaguliwa kwa namna iliyofaa wao. Mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kupendwa na redio za Kikristo hauwezi kuwa na ukali mwingi. Wimbo wa maombolezo, wa shaka, au wa kulikemea kanisa lenyewe haupati nafasi kwa urahisi kati ya 30 zilizochaguliwa ili zisimwudhi mtu. Larry Norman, aliyeyaanza mambo haya, alikuwa mtu wa kuudhi sana.

Kuna jingine lililo zito kuliko hilo. Ukutani mwa jumba hili palikuwa na ufa wa zamani. Waliojaza makasha ya kwanza ya WOW wengi mno walikuwa Wamarekani weupe. Nyimbo za makanisa ya watu weusi, ambazo bila hizo hapana muziki wa Marekani, wa dini wala wa dunia, zilihesabiwa kuwa ni aina nyingine, zikiwa na orodha zake na redio zake. Andraé Crouch, mtungaji mweusi, aliuvuka mpaka huo tangu miaka ya 1970 na nyimbo zake ziliimbwa pande zote mbili. Lakini mtu mmoja kuvuka mto si daraja. Mwaka 1998 ulianzishwa mfululizo wa WOW Gospel, nao ulipendwa sana. Ulifanya wema kwa kuwa uliwapa waimbaji hao kasha la bei nafuu na nafasi katika maduka yale yale. Lakini mtu aliyesimama mbele ya rafu aliona makasha mawili, yote ya imani moja, yaliyotengwa kama makanisa yalivyotengwa siku ya Jumapili. Santuri iliyotaka kubomoa ukuta wa duka haikuugusa ukuta wa rangi.

Mwaka 1999 ulifuata WOW Worship, wa nyimbo za kuabudu, ambazo hazikutungwa ili mtu asikilize bali mkutano uimbe. Kampuni ya Integrity, ikishirikiana na Time-Life, ilianza mwaka 2001 kuuza mikusanyiko ya Songs 4 Worship kwa matangazo ya televisheni, na hivyo mnunuzi hakuhitaji hata kutoka nyumbani. Hapa habari zinatufikia sisi. Don Moen, aliyefanya kazi Integrity kwa miaka mingi, ni jina linalojulikana Kenya kuliko majina mengi ya wanasiasa wa Marekani. Nenda katika mkutano wowote wa wanafunzi Wakristo wa shule ya sekondari na hutakaa sana kabla hujasikia wimbo wake. Nyimbo za mkutano zilienda mbali kuliko nyimbo za redio, kwa kuwa hazikuhitaji mashine wala fedha ili zirudiwe. Aliyezisikia mara mbili aliweza kuzifundisha.

Kilichoishinda santuri ya bei nafuu kilikuwa kitu cha bei nafuu zaidi. Mwaka 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la iTunes, na mtu akaweza kununua wimbo mmoja kwa senti 99, akakusanya mwenyewe 30 zake. Mwaka 2011 huduma ya Spotify iliingia Marekani, na hata senti 99 zikaonekana nyingi. Kazi ya kuchagua, ambayo zamani ilifanywa na wazee wa Nashville mezani, ikawa ya kila mwenye simu. Maduka yenyewe yalianza kufungwa: mwaka 2017 Family Christian Stores ilitangaza kufunga maduka yake yaliyozidi 240. Kasha la mwisho la mfululizo mkuu, WOW Hits 2019, lilitolewa mwaka 2018. Na katika mwaka ule ulioandikwa juu ya jalada lake, kampuni ya LifeWay nayo ilitangaza kuyafunga maduka yake yote 170 ya vitabu vya Kikristo.