Gh ya Kiingereza: Sauti Iliyokufa, Herufi Zilizobaki

Herufi g na h zikifuatana katika neno la Kiingereza, msomaji hawezi kujua zitamkwe vipi mpaka awe amelisikia neno lenyewe. Katika “night”, usiku, hazisikiki kabisa. Katika “laugh”, kucheka, husikika kama f, na katika “ghost”, mzimu, zinabaki g tupu. Kicheko huitwa “laughter” na uchinjaji huitwa “slaughter”. Yanapishana kwa s moja tu ya mwanzoni, lakini la kwanza lina f na la pili halina. Zikitanguliwa na o na u, mambo huzidi kuwa magumu: “through” huishia kwa u ndefu, “though” kwa o, “plough” kwa au, “rough” kwa af, “cough” kwa of, na “lough”, jina la ziwa huko Ireland, huishia kwa sauti iliyo karibu na k. Vizazi vya wanafunzi vimechapwa na kusahihishwa kwa sababu ya maneno haya, na wengi wakaamini kwamba upungufu ulikuwa wao. Haukuwa wao. Chanzo chake ni historia ya karne nyingi, na hatua zake zinafuatika.

Kabla ya mwaka 1066 Waingereza waliandika “niht” kwa usiku, “dohtor” kwa binti na “cniht” kwa kijana mtumishi, neno ambalo baadaye likawa “knight”, askari wa farasi. H hiyo ya katikati haikuwa pambo. Ilitamkwa kwa kukwaruza nyuma ya kinywa, karibu sawa na kh ya Khamisi au ya sabalkheri katika kinywa cha mtu wa pwani. Ushahidi upo kwa ndugu wa lugha hiyo: Wajerumani mpaka leo husema “Nacht” na “Tochter” na kuitamka sauti hiyo waziwazi, na katika Kiskoti usiku bado ni “nicht”.

Kiingereza hicho cha kale kilikuwa pia na sauti ya pili, pacha wa ile ya kwanza, inayofanana na gh ya Kiswahili katika lugha na ghali. Iliandikwa kwa g katikati ya maneno kama “boga”, upinde, na “lagu”, sheria. Sauti hii haikudumu: midomo iliilainisha ikawa w, na tahajia ikaifuata, ndiyo maana leo huandikwa “bow” na “law”. Laiti pacha wake angeshughulikiwa hivyo hivyo, madarasa mengi yangepumua.

Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, kazi ya uandishi iliingia mikononi mwa makarani waliosomea desturi za Kifaransa na Kilatini. H peke yake haikuwatosha kuonyesha mkwaruzo ambao lugha yao haikuwa nao. Kwa muda walitumia herufi iliyoitwa yogh, yenye umbo la kukaribia tarakimu 3, lakini herufi hiyo hiyo ilibebeshwa pia kazi ya y na ikawachanganya wasomaji. Polepole wakachagua kuunganisha g na h. Wapiga chapa wa Scotland, ambao baadaye hawakuwa na yogh katika masanduku yao ya herufi, waliweka z mahali pake. Kwa sababu hiyo jina la ukoo Menzies limekuwa likitamkwa huko kana kwamba halina z. Kufikia wakati wa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, “knyght” ilikuwa tahajia ya kawaida na kila herufi yake ilikuwa na kazi: k ilisikika, gh ikasikika.

Kisha sauti ikaanza kufa. Katika karne ya 15 na ya 16 watu wa kusini mwa Uingereza waliendelea kuidhoofisha, na mwishoni mwa karne ya 17 ilikuwa imekwisha kutoweka katika usemi wa London. Haikufa kwa namna moja. Baada ya i iliyeyuka na kuiachia irabu urefu wake, na irabu hiyo ndefu nayo ikageuka ai, kama katika “light” na “right”. Baada ya irabu zinazotamkwa kwa midomo ya mviringo, baadhi ya wasemaji waliisogeza ile sauti ya kooni mpaka midomoni, ikawa f. Lahaja nyingine ziliiacha ipotee. Wakazi wa London walitoka kila pembe ya nchi, na lugha sanifu ikaokota tamko hili kutoka lahaja hii na lile kutoka lahaja ile, bila mtu yeyote kukaa na kuamua. Ndipo “rough” ikabaki na f, na “though” ikabaki bila kitu. Katika neno moja tahajia ilikubali kufuata mdomo: “dweorg” ya kale, yaani mbilikimo, leo huandikwa “dwarf”, kwa f ya wazi.

Balaa ni kwamba mashine ya kuchapa ilifika katikati ya mabadiliko hayo. William Caxton, mfanyabiashara mzaliwa wa Kent, aliishi kwa miaka mingi Bruges, akajifunza uchapaji Cologne, na mwaka 1476 akafungua kiwanda cha kwanza cha chapa nchini Uingereza, huko Westminster. Alilijua tatizo la lugha isiyotulia. Katika dibaji ya kitabu alichokichapa mwaka 1490 alisimulia kisa cha wasafiri waliokwama karibu na mto Thames: mmoja aliomba mayai kwa neno la kaskazini, na mama mwenye nyumba wa kusini akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Caxton alilazimika kuchagua, na yeye pamoja na wapiga chapa waliomfuata walichagua tahajia za makarani, zile zilizoandikwa sauti ilipokuwa hai. Vitabu vikasambaa, macho ya wasomaji yakazizoea, na maandishi yakasimama huku ndimi zikiendelea na safari.

H ya “ghost” ni ya kiwanda hicho hicho. Neno la kale lilikuwa “gast”, lisilo na h. Wafleminga, majirani wa Caxton kule Bruges, waliandika “gheest”, na mazoea hayo yakavuka bahari pamoja naye. Vitabu vyake vina hata bukini na mbuzi walioandikwa kwa gh. Hao walivuliwa h yao baadaye, mzimu ukabaki nayo.

Mkwaruzo ulipokwisha kusahaulika, gh ikawa mtindo wa kuandika tu, na ikaanza kupachikwa mahali isipokuwa na haki. “Delight”, furaha, lilitoka katika Kifaransa cha kale na kwa muda mrefu liliandikwa “delite”. Katika karne ya 16 lilivishwa gh ili lifanane na “light”, nuru, ingawa maneno hayo mawili hayana undugu wowote. “Haughty”, mwenye majivuno, nalo ni la Kifaransa. “Hiccup”, kwikwi, liliwahi kuandikwa “hiccough” kwa kudhaniwa kuwa ni aina ya kikohozi, na walioliandika hivyo waliendelea kutamka p. Anayetafuta katika kila gh alama ya sauti ya kale hupotoshwa na maneno haya, na kwa kweli hayana utetezi.

Waliojaribu kusafisha hawakukosekana. Mwaka 1789 Noah Webster wa Marekani alipendekeza “laf”, “tuf” na “dawter”. Wamarekani walizikataa hizo, wakazikubali “plow” na “draft”. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliiagiza idara ya uchapaji ya serikali itumie maneno 300 yaliyorahisishwa, yakiwemo “tho” na “thru”. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limempinga. Gazeti la Chicago Tribune lilianza kutumia tahajia za aina hiyo mwaka 1934, na mwaka 1975 likaziacha nyingi, “thru” na “tho” zikiwemo.

Kiswahili kilipohamia herufi za Kilatini katika karne ya 19, baada ya kuandikwa kwa muda mrefu kwa herufi za Kiarabu, kilipewa g na h hizo hizo kwa ajili ya ghaini ya Kiarabu. Zimebaki kuwa alama ya sauti moja tu: ghafla, ghala, ghorofa, shughuli. Maneno ya Kiingereza yenye gh yalipoingia katika Kiswahili, yaliingia kwa njia ya sikio. Mchezo wa “draughts” ukawa drafti, na “doughnut” ikawa donati.